Kaunsela wa shule, mshauri wa kulipwa au programu ya bure: nani amwongoze mtoto wako kwenda chuo Marekani?

Mtoto akishaingia darasa la kumi na moja katika sekondari ya Marekani, hasa zile shule zinazojinadi kwamba kazi yao ni kuandaa wanafunzi wa chuo, maneno huwa mengi nyumbani. Kaunsela anatuma barua pepe kila wiki. Mama fulani mnayesali naye amemlipa mtu wa kumwongoza binti yake. Kijana mmoja anagawa vipeperushi vya programu ya bure iitwayo Upward Bound mlangoni mwa ofisi ya wakimbizi. Mzazi aliyesomea Uvira, Kigoma au Mombasa, ambaye safari yake ya chuo ilitegemea matokeo ya mtihani mmoja wa taifa, anabaki kujiuliza: ushauri wote huu ni wa nini, na nimsikilize nani?

Ni wa nini, hilo lina jibu. Kenya, mwanafunzi akishapata matokeo ya mtihani wa taifa wa KCSE hupangiwa chuo kupitia ofisi ya KUCCPS. Tanzania, alama za kidato cha sita ndizo zinazofungua mlango. Kongo ni mtihani wa taifa, Examen d'État. Marekani hakuna mtihani wa namna hiyo, wala ofisi moja ya kugawa nafasi. Kila chuo huamua chenyewe kwa kuangalia alama za miaka yote ya sekondari, ugumu wa masomo aliyochukua mtoto, barua za walimu, insha, shughuli za nje ya darasa, na kwa vyuo vingine alama za mitihani ya SAT au ACT. Zaidi ya hapo, bei halisi huijui mpaka chuo kikuandikie barua. Kijana wa miaka 17 hawezi kuyabeba haya peke yake, na mzazi anayefanya shifti ya usiku kiwandani hana muda wa kujifunza yote.

Nimsikilize nani, hapo ndipo penye kazi. Mimi hutafsiri kwenye vikao vya wazazi na makaunsela, na msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua. Watu wengi humpima mshauri kwa mwezi wa kumi, wakati wa insha na maombi. Mpime kwa mwezi wa nne, barua za fedha zinapofika na familia ina wiki chache tu za kuamua kabla ya tarehe 1 Mei. Mshauri atakayekaa nanyi mezani mwezi huo, akasoma zile barua mstari kwa mstari, ndiye wa kushika.

Watatu wenyewe

Kaunsela wa shule ni mwajiriwa wa shule, na kwako ni bure. Katika sekondari nyingi za serikali kazi yake si chuo peke yake: hupanga ratiba za masomo, husuluhisha ugomvi, humsikiliza mtoto aliyefiwa, husimamia mitihani. Chama cha makaunsela wa shule, ASCA, kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250, lakini wastani wa nchi nzima umekuwa juu ya 350 kwa muda mrefu. Katika shule za binafsi za maandalizi ya chuo hali ni nyingine kabisa. Huko huwa kuna ofisi nzima ya ushauri wa chuo, kila mshauri na makumi machache tu ya wanafunzi, na anaweza kuinua simu akaongea na ofisa wa udahili anayemfahamu kwa jina. Shule za mikataba kama zile za mtandao wa KIPP, ulioanzia Houston mwaka 1994, ziko katikati: ni za umma na hazitozi ada, lakini zina washauri wa chuo ambao huendelea kumfuatilia mwanafunzi hata baada ya kumaliza sekondari.

Mshauri wa kulipwa hujitegemea. Hutoza kwa saa, mara nyingi kuanzia dola mia moja na kitu na kupanda, au kwa kifurushi cha maelfu ya dola kinachoanza darasa la kumi na moja na kwisha maombi yakitumwa. Wapo wa mijini wanaotoza makumi ya maelfu.

Programu za bure ni nyingi na hazifanani. Upward Bound ni ya serikali kuu, ilianza 1964 wakati wa vita vya Rais Johnson dhidi ya umaskini, na huwachukua watoto wa familia za kipato kidogo au ambao wazazi wao hawana shahada. Ndugu yake, Talent Search, ilifuata 1965. College Advising Corps huweka vijana waliomaliza chuo juzijuzi ndani ya sekondari za umma wafanye kazi ya chuo tu, wamsaidie kaunsela aliyelemewa. Kisha kuna QuestBridge na Posse, ambazo ni njia za ufadhili zenye ushindani mkali, nazo nitazirudia.

Karatasi ambazo hakuna mwingine wa kuzituma

Kuna jambo moja linalomweka kaunsela wa shule mbele ya wengine wote, awe amelemewa au la. Ombi linalopitia Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, halikamiliki bila vitu vinavyotoka shuleni: transkripti (rekodi ya masomo na alama), ripoti ya shule, na mara nyingi barua ya kaunsela mwenyewe. Mshauri wa kulipwa hata ukimpa dola 10,000 hawezi kuvituma. Upward Bound haiwezi. Ndiyo maana sielewi familia inayomkwepa kaunsela kwa sababu "hana muda na sisi". Muda hana, lakini kalamu anayo.

Na hiyo kalamu mzazi anaweza kuisaidia. Shule nyingi, mwisho wa darasa la kumi na moja, hutuma nyumbani fomu inayomwuliza mzazi amweleze mtoto wake. Wengi wetu tukiipata tunaandika: "Ni mtoto mzuri, mtiifu, anamcha Mungu, anasoma kwa bidii." Yote ni kweli, na kwetu hizo ndizo sifa kubwa kuliko zote. Lakini kaunsela mwenye watoto 400 hawezi kujenga barua juu ya maneno hayo, kwa sababu kila mzazi ameandika hivyo hivyo. Linganisha na jibu la namna hii: "Tangu darasa la nane ndiye anayempeleka bibi yake kliniki ya figo kila Jumanne na kumtafsiria kwa daktari. Alijifunza majina ya dawa zote kwa Kiingereza na akamtengenezea bibi kalenda ya picha." Hapo kaunsela ana barua. Unaweza kuijaza kwa Kiswahili na kuomba itafsiriwe, na shule nyingi zina huduma ya wakalimani kwa simu ukiiomba mapema. Usimwachie mtoto mwenyewe aijaze kwa niaba yako, maana ataona haya kujisifu.

Jambo hilohilo linahusu orodha ya shughuli. Common App inampa mwanafunzi nafasi 10 za kuorodhesha anachofanya nje ya darasa, na majukumu ya nyumbani ni kundi rasmi kwenye orodha hiyo. Kulea wadogo wakati mama yuko kazini, kupika, kutafsiri, kumsaidia baba na duka, vyote vinahesabika. Watoto wetu wengi huacha nafasi hizo wazi kwa kudhani wanatakiwa kuwa wamecheza fidla au kushinda mashindano ya mdahalo. Kwa upande huu programu za bure zinamshinda mshauri wa kulipwa wazi kabisa, kwa sababu zinawajua watoto wa namna hii na hazishangai mtoto akisema kazi yake ya jioni ni kulea.

Orodha ya vyuo

Kaunsela wa sekondari ya serikali huwa anakijua vizuri chuo cha jimbo na chuo cha jamii kilicho karibu. Ukimwachia yeye peke yake, orodha itakuwa fupi na ya nyumbani. Kwa mtoto wa wastani hilo linaweza kutosha. Kwa mtoto wa alama za juu ni hasara, maana vyuo tajiri kabisa ndivyo mara nyingi vilivyo rahisi kwa maskini. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haimtozi chochote mwanafunzi ambaye familia yake inapata dola 100,000 au chini, chakula na malazi vikiwemo. Kaunsela aliyezoea kumwambia mtoto wa Kikongo "anza na chuo cha jamii" hana nia mbaya, lakini huenda hajawahi kufanya hesabu hiyo.

Mshauri wa kulipwa ana upana mkubwa zaidi. Amezunguka vyuo vingi na anajua kipi kinampenda mwanafunzi wa aina gani. Ila upana wake umejengwa na wateja wake. Chukua mfano wa Berea, chuo kidogo cha Kentucky kilichoanzishwa 1855, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Lexington, mji wenye maelfu ya wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo. Berea haijamtoza mwanafunzi wake ada ya masomo tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na chuo huchukua wale tu ambao familia zao hazina uwezo. Mtu ambaye wateja wake wote wana uwezo hana sababu ya kukijua kwa undani. Mtu wa Upward Bound wa Kentucky anakijua kama kiganja chake.

QuestBridge na Posse huingia hapa. QuestBridge humwezesha mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili kupanga vyuo hadi 15 kwa mpangilio wa anavyovitaka. Akikubaliwa Desemba anapata ufadhili kamili wa miaka minne, na kwa vyuo vingi hapo amefungwa, haendi kwingine. Maombi hufungwa mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo familia inayoanza kufikiria chuo mwezi wa kumi imeshachelewa. Wengi wanaofanikiwa wanatoka familia zenye kipato cha chini ya dola 65,000 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne. Posse, iliyoanza New York 1989 na sasa iko pia Chicago, Houston, Atlanta na miji mingine, huwapeleka wanafunzi chuoni kwa vikundi vya watu 10 hivi ili wasaidiane, na ada ya masomo hulipwa yote. Huwezi kujipeleka Posse mwenyewe. Lazima shule au taasisi ya jamii ikupendekeze, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomkwepa kaunsela.

Fomu ya fedha na majina yetu

FAFSA ndiyo fomu ya serikali inayofungua Pell Grant (ruzuku ya serikali isiyorudishwa), mikopo ya serikali, na misaada mingi ya majimbo na vyuo. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi rasmi wana haki ya kuijaza kama raia. Mwanafunzi wa viza ya masomo hana.

Kwa familia nyingi za Kimarekani hii ni kazi ya jioni moja. Kwetu inaweza kuwa ya wiki kadhaa, na sababu ni za kwetu wenyewe. Mfumo hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na rekodi za Social Security. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huenda jina lake la ukoo liliandikwa mwanzo, jina la Kikristo mwisho, na jina la tatu likadondoka njiani. Wengi walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari kwa kuwa hapakuwa na cheti. Shuleni anaitwa hivi, kwenye kadi hivi, na fomu inakwama. Dawa yake ni kuandika kila herufi kama ilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama si sahihi, na kusahihisha kadi baadaye kwa utaratibu wake.

Halafu kuna suala la nani ni mzazi. Kwetu shangazi aliyekulea tangu ukiwa na miaka mitatu ni mama, na hakuna mtu anayeuliza zaidi. FAFSA inauliza. Inamtambua mzazi wa kuzaa, wa kuasili kisheria, au wa kambo aliyefunga ndoa na mzazi huyo. Mtoto anayeandika mapato ya mjomba wake kwenye sehemu ya mzazi amejaza vibaya, na anaweza kunyimwa msaada anaostahili. Ikiwa wazazi wote wamefariki, anahesabika kuwa anajitegemea. Ikiwa ni mkimbizi aliyetengana na wazazi, ofisi ya fedha ya chuo ina uwezo wa kumhesabu hivyo pia, lakini atahitaji barua kutoka kwa mtu anayeijua hali yake: kaunsela, mfanyakazi wa shirika la wakimbizi, mtu wa Upward Bound au Talent Search.

Nimeliweka hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalowatenganisha washauri watatu kuliko jingine lolote. Mshauri wa kulipwa, hata mzuri, huwa hajawahi kukutana nalo. Kaunsela wa shule yenye wakimbizi wengi huwa amekutana nalo mara mbili tatu. Programu ya bure iliyo mtaani kwenu hulishughulikia kila mwaka. Vyuo vingine vya binafsi huongeza fomu yao, CSS Profile, ambayo huulizia hadi thamani ya nyumba. Hiyo ni bure kwa familia yenye kipato cha hadi dola 100,000, usikubali mtu akulipishe kwa kukujazia.

Mwezi wa nne

Sasa barua zimefika. Hebu tuchukue mfano wa kubuni, maana tarakimu husema kuliko maelezo. Binti amekubaliwa vyuo viwili. Chuo cha kwanza, cha binafsi, gharama yake ya mwaka ni dola 52,000. Kimempa skolashipu ya dola 20,000, Pell Grant ya dola 7,395, mkopo wa serikali wa dola 5,500 na kazi ya chuoni ya dola 2,500. Chuo cha pili, cha jimbo, gharama yake ni dola 27,000. Kimempa skolashipu ya dola 6,000, Pell hiyohiyo ya dola 7,395, msaada wa jimbo wa dola 4,000 na mkopo wa dola 5,500.

Barua ya kwanza ina picha nzuri na neno hongera kwa herufi kubwa, na chini imejumlisha kila kitu pamoja na kukiita msaada: dola 35,395. Ya pili imefikia dola 22,895. Nimeona wazazi wakifurahia tarakimu kubwa, na nani awalaumu? Lakini mkopo ni deni, na kazi ya chuoni ni mshahara ambao binti atautolea jasho. Ondoa hivyo viwili. Kilichotolewa bure na chuo cha kwanza ni dola 27,395, inabaki dola 24,605 kwa mwaka. Kilichotolewa bure na chuo cha pili ni dola 17,395, inabaki dola 9,605. Kwa miaka minne, kama bei na msaada havitabadilika, tofauti ni dola 60,000. Skolashipu kubwa ndiyo iliyokuwa ghali.

Mshauri mzuri hafiki hapo akanyamaza. Atauliza kama skolashipu inadumu miaka yote minne na ni wastani gani wa alama unaohitajika kuibakiza. Atakuonyesha kwamba pengo la chuo cha kwanza huzibwa kwa mkopo unaochukuliwa kwa jina la mzazi. Atakusaidia kuandika barua ya kuomba nyongeza kama baba alipunguziwa saa za kazi tangu kodi ile iliyotumika kwenye FAFSA, ambayo huwa ni ya miaka miwili nyuma. Vyuo husikiliza barua kama hizo, hasa zikija na vielelezo.

Nani yuko hapo mwezi wa nne? Kifurushi cha mshauri wa kulipwa mara nyingi kimekwisha Januari, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kaunsela wa shule ya serikali yupo, lakini wakati huo ana mitihani na sherehe za kuhitimu, na utapata dakika 20 ukizililia. Kaunsela wa shule ya binafsi yupo na atakaa nawe, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba shule yake hutangaza orodha ya vyuo ambavyo wahitimu wake wameenda, na jina kubwa hupendeza kwenye orodha hiyo. Mtu wa programu ya bure yupo, na hana orodha ya kupamba.

Anayeuza ushauri

Sipendi kumchafua kila anayefanya kazi hii kwa malipo. Wapo wenye ujuzi wa miaka mingi, na baadhi yao huchukua wanafunzi wachache bila malipo kila mwaka ukiwauliza. Lakini jua kwamba Marekani hakuna leseni ya serikali kwa kazi hii. Yeyote anaweza kutengeneza tovuti leo na kuanza kutoza kesho. Kinachosaidia kidogo ni uanachama wa vyama vyao, IECA kilichoanzishwa 1976, au HECA, vyenye masharti ya maadili, likiwemo la kutopokea fedha kutoka kwa vyuo kwa kupeleka wanafunzi.

Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Boston walimfichua Rick Singer, mshauri wa California aliyepokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa wazazi matajiri ili kuhonga makocha na kughushi alama za mitihani. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu Januari 2023. Wateja wake walikuwa watu wenye mawakili na bado walinaswa. Anayekuahidi kwamba mtoto ataingia chuo fulani, ondoka. Anayetaka kuandika insha yeye mwenyewe, ondoka haraka zaidi, kwa sababu mtoto hutia saini kwamba maneno ni yake na nafasi inaweza kufutwa.

Kuhusu insha nina neno ambalo linawagusa washauri wote watatu. Wakisikia mtoto ametoka Kivu au amekulia kambini, wengi hukimbilia kumwambia aandike vita. Mtoto hana deni la kumsimulia mgeni vita. Akitaka mwenyewe, aandike. Akitaka kuandika juu ya kwaya, juu ya kuchelewa basi, juu ya anavyopenda hesabu za uwezekano, hiyo ni insha halali na mara nyingi ni nzuri zaidi kwa sababu yeye mwenyewe yumo. Mshauri anayemsukuma mtoto alie kwenye karatasi ili apokelewe, awe wa kulipwa au wa bure, mwombeni aache.

Udhaifu wa cha bure

Programu za bure zina mapungufu yake na ni haki kuyasema. Nafasi ni chache na huombwa mapema: Upward Bound hupenda kumpokea mtoto darasa la tisa au la kumi, na aliye wa kumi na mbili mara nyingi anaambiwa amechelewa. Inadai Jumamosi na wiki kadhaa za kiangazi, wakati ambao mtoto mwingine angekuwa kazini akisaidia kodi ya nyumba, ingawa hutoa posho kidogo. Fedha zake za serikali hutolewa kwa mizunguko ya miaka mitano na hutegemea siasa za Washington, hivyo mradi uliokuwepo mtaani kwenu mwaka juzi unaweza kuwa umefungwa. Na kijana wa College Advising Corps, pamoja na moyo wake wote, huwa ana miaka 22 au 23 na ataondoka baada ya mwaka au miwili.

Kiangazi ni kipimo kingine. Watafiti wamekadiria kwamba asilimia 10 hadi 20 ya wanafunzi waliokubaliwa na kupanga kwenda chuo hawatokei Septemba, na kwa familia za kipato kidogo ni zaidi. Huanguka kwenye vitu vidogo: kadi ya chanjo haikupelekwa, bima ya afya ya chuo iliongezwa kwenye bili kwa sababu hakuna aliyejaza fomu ya kuikataa, ofisi ya fedha iliomba uthibitisho wa kodi na barua pepe ikafia kwenye sanduku la shule lililofungwa Juni. Kaunsela wa shule yuko likizo. Upward Bound huwa kazini kiangazi chote.

Kwa familia ipi, yupi

Kama mtoto yuko sekondari ya umma na kipato ni cha chini, shika kaunsela na programu ya bure kwa pamoja, na uanze darasa la tisa. Fedha ulizotaka kumlipa mshauri weka akiba ya nauli na vitabu. Kama mtoto ana alama za juu sana, ongeza QuestBridge, na umwambie kaunsela mapema, mwezi wa nne wa darasa la kumi na moja, ili barua ziwe tayari Septemba.

Kama yuko shule ya binafsi kwa ufadhili, kaunsela wa shule anatosha kwa karibu kila kitu. Udhaifu wake ni kwenye mambo ya ukimbizi na majina, kwa hiyo tafuta ofisi ya Talent Search au shirika lililowapokea mlipofika kwa ajili ya FAFSA tu.

Mshauri wa kulipwa ninamwona ana nafasi pale familia ina kipato cha kati, haistahili Upward Bound, mtoto yuko shule yenye kaunsela mmoja kwa mamia, na kuna tatizo mahususi: mwanariadha, msanii anayehitaji kuandaa kazi zake, au mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kujifunza. Hapo nunua saa mbili au tatu, si kifurushi, na moja kati ya hizo iwekwe Aprili kwa maandishi.

Kwa msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam ambaye mtoto wake anaomba kutoka huko, FAFSA haimhusu na hesabu ni nyingine. Anza na vituo vya EducationUSA, ambavyo ni vya serikali ya Marekani na ushauri wake wa msingi hautozwi. Kenya kuna pia KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972, pamoja na John Manners. Huchagua wanafunzi wachache wenye matokeo bora ya KCSE na kuwasindikiza bure mpaka vyuo vikubwa vya Amerika Kaskazini.

Ukienda kuonana na yeyote kati ya hawa kwa mara ya kwanza, nenda na transkripti ya mtoto, kadi zenu za Social Security na karatasi za kodi za miaka miwili iliyopita, kisha muulize: mwaka jana ulisoma barua za fedha na familia ngapi, na tarehe 20 Aprili nikikupigia simu utakuwa wapi?